Tupeane uzoefu: ulipopelekwa Bungeni Dodoma ukiwa mwanafunzi, ulirudi nyumbani na nini?

Mwalimu wa Darasa la Sita, Morogoro

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa somo la Uraia na Maadili katika shule ya msingi mkoani Morogoro, na katika Bunge la Bajeti lijalo, Mungu akipenda, nitawapeleka wanafunzi 46 Dodoma wakaone kikao kikiendeshwa. Barua ya kuomba nafasi imekwishapelekwa Ofisi ya Katibu wa Bunge, kibali cha Afisa Elimu kinafuatiliwa, na fomu za ridhaa za wazazi zimeanza kurudi, nyingine zikiwa na alama za vidole vya mafuta ya kula. Kwa hiyo sitafuti utaratibu. Natafuta jambo ambalo haliandikwi kwenye barua: wewe uliyepelekwa, kitu gani ulirudi nacho?

Nianze na yangu. Nilikwenda mwaka 2007 nikiwa Kidato cha Pili, mwaka mmoja tu baada ya ukumbi mpya kuanza kutumika, Spika akiwa hayati Samuel Sitta. Tangu tukiwa kwenye basi mwalimu wetu alikuwa ametueleza kwamba jengo lile limechukua umbo la msonge, na mimi niliyewahi kulala katika msonge wa bibi mzaa mama nilikaa safari nzima nikijiuliza moshi wake ungetokea wapi. Tulipopanda jukwaa la wageni nilitoa daftari nikaanza kuandika: mihimili mitatu ya dola, Siwa, Makatibu Mezani, mawaziri kuketi upande wa kulia wa Spika. Nilijaza kurasa nne, na leo sikumbuki hata mstari mmoja kama nilivyouandika. Ninachokumbuka ni mguu. Mheshimiwa mmoja aliyeketi karibu na chini ya jukwaa letu alikuwa amechomoa kisigino kwenye kiatu na anakikuna taratibu kwa ncha ya kiatu cha pili, huku jirani yake amesimama anazungumzia mabilioni ya shilingi. Soksi yake ilikuwa imetoboka. Nilikuwa na umri wa miaka 15, na sijui kama kuna somo lolote la uraia lililoniingia kama soksi ile.

Nauliza basi, kwa nia njema kabisa: nifanye nini ili watoto hawa warudi na zaidi ya soksi?

Mzaliwa wa Wete

Assalaam alaykum mwalimu. Mimi nilizaliwa Pemba lakini sekondari niliisoma bara, na ziara yetu ilifanyika mwaka 2009. Babu yangu alikuwa mtu wa mambo ya kale, na kwake siwa ilikuwa kitu kimoja tu, yaani lile baragumu kubwa la pembe au la shaba lililopigwa katika sherehe za watawala na waungwana wa miji ya pwani. Siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba zimehifadhiwa hadi leo nchini Kenya. Sasa mwalimu wa darasa aliposema kwamba Spika huingia ukumbini akitanguliwa na Siwa, mimi nilielewa kwamba tutasikia sauti. Niliwaambia na wenzangu wawili wajiandae kuziba masikio.

Saa tatu ilipofika watu wote wakasimama, na Mpambe wa Bunge akaingia amebeba fimbo ya rangi ya dhahabu, anakwenda hatua za kupimwa, na nyuma yake Spika. Fimbo ikalazwa mezani. Dua ikasomwa. Tukakaa. Mimi niliendelea kusubiri baragumu hadi Katibu alipokwishataja hati za kuwasilisha mezani na maswali yakaanza, ndipo nikamnong'oneza mwalimu, "Mbona hawajaipiga?" Akadhani ninafanya mzaha, akanikata jicho.

Nilikuja kufahamu ukubwani kwamba neno lilihama kutoka kwenye pembe hadi kwenye fimbo kwa sababu vyote viwili hutangaza kwamba mwenye mamlaka amefika. Nakuomba uwaeleze watoto mapema ni kitu gani wataona, na uwaambie wasiondoe macho mezani, kwa sababu Bunge linapokaa kama Kamati, Siwa huteremshwa kutoka mahali pake. Mtoto anayejua hilo anaweza kutambua kikao kimebadilika hata kabla mtu hajasema neno.

Tuliochelewa

Mwalimu, uzoefu wangu ni mfupi na una uchungu kidogo. Basi letu lilipasuka gurudumu kati ya Gairo na Kibaigwa, gurudumu la akiba nalo likawa limechoka kuliko lililopasuka, na tulipoingia ukumbini ilikuwa karibu saa tano na nusu. Kipindi cha maswali kilikuwa kimekwisha, wageni walikuwa wamekwishatambulishwa, na wengi wa waheshimiwa walikuwa wameondoka kwenda kwenye shughuli nyingine. Waliobaki walikuwa wakichangia hotuba ya wizara mmoja baada ya mwingine hadi kengele ya pili iwakatishe. Mwenzetu mmoja hodari wa hesabu alianza kuhesabu viti vitupu kwa kidole, na askari wa ukumbini akamfanyia ishara ateremshe mkono.

Tulirudi na swali moja, "Wako wapi wengine?", na hakuna mwalimu aliyelijibu vizuri, ingawa jibu lilikuwepo: kuna walioitwa ofisini, kuna walio na wageni wa majimboni, na kuna waliochoka tu. Ungeambiwa hivyo ungeridhika, lakini tulinyamazishwa, na kunyamazishwa kule ndiko tuliondoka nako. Laleni Dodoma usiku mmoja kabla. Ikiwezekana chagueni siku ya Alhamisi, wakati wa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, kwa kuwa katika nusu saa ile ukumbi hujaa na majibu hayasomwi kwenye karatasi.

Mjukuu wa Mzee wa Kisima, Singida

Nimesoma habari ya soksi nikacheka peke yangu, lakini yangu ni tofauti kidogo, na naomba radhi ikiwa ndefu.

Mwaka 2014 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari ya kata. Mbunge wetu ndiye aliyesaidia kupatikana kwa nafasi, na kwa bahati, au pengine kwa makusudi yake, swali lake kuhusu maji katika kata yetu lilikuwa limepangwa asubuhi ileile. Elewa kwamba sisi tulioketi juu pale ndio tuliokuwa tukiyafuata maji hayo. Nyumbani kwetu palikuwa na mwendo wa saa moja na robo hadi kwenye makorongo, kwenda tu, na dada zangu wawili walikuwa wameondoka na ndoo alfajiri ileile niliyopanda basi.

Namba ya swali ikatajwa. Mbunge akasimama, akasema tu kwamba anaomba swali lake lijibiwe. Naibu Waziri akasogea mbele, akaanza kwa maneno ambayo baadaye nilikuja kuyazoea kama Salamu Maria: kwa niaba ya Waziri, anaomba kujibu swali la Mheshimiwa, Mbunge wa jimbo fulani, kama ifuatavyo. Kisha akataja jina la kijiji chetu. Sijui niwaelezeje. Jina ambalo nilikuwa nimelisikia likitamkwa na watu wa kwetu tu, tena kwa lafudhi ya kwetu, lilitoka katika vipaza sauti vya Bunge la Jamhuri ya Muungano, limekosewa mkazo, lakini ni lenyewe. Tuliketi wima wote kama tuliovutwa na kamba moja.

Niliandika jibu neno kwa neno kadiri nilivyoweza. Lilisema kwamba Serikali inalitambua tatizo hilo, kwamba upembuzi umefanyika, na kwamba uchimbaji utaanza kadri fedha zitakavyopatikana. Mbunge akasimama tena kwa maswali mawili ya nyongeza, safari hii kwa sauti ya juu kidogo; Naibu Waziri akajibu kwamba yuko tayari kuongozana naye kwenda kujionea; meza zikagongwa, na swali la mkoa mwingine likaitwa. Jambo zima, kwa saa ya ukutani, lilichukua muda usiofika dakika tano.

Nilipofika nyumbani nilimsomea babu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji isiyokuwa na maji. Nilisoma nimesimama, kama Naibu Waziri. Babu alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili, akakaa kimya, halafu akauliza, "Wamesema lini?"

Nikafungua daftari tena. Nikatafuta mstari kwa mstari. Nikamwambia, "Wamesema kadri fedha zitakavyopatikana, babu."

"Hiyo nimeisikia. Nauliza lini."

Kisima kilichimbwa mwaka 2019, babu akiwa amekwishatangulia. Tangu siku ile, mwalimu, nikipewa jibu lolote la ofisi natafuta kwanza tarehe, ndipo nisome maneno mengine. Kama una njia ya kujua maswali yatakayoulizwa siku mtakayokwenda, tafuta hata moja linalowahusu watoto wako, liwe la barabara, la zahanati au la tembo wanaoingia mashambani. Wape kazi ya kuandika jibu, na wakirudi waulize kile babu alichoniuliza.

Dada wa Makofi

Mimi ni yule mtoto wa shule ambaye huwa anaonywa. Mwaka 2012, Spika akiwa Mheshimiwa Anne Makinda, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho katika nchi yetu, tulisimama wote alipoingia, na katika ukimya ule uliotandaa mimi nikapiga makofi. Peke yangu. Nilikuwa Darasa la Saba na nilikuwa sijawahi kuona wanaume wengi kiasi kile wamesimama wakimsubiri mama akae. Mhudumu aliniinamia akaniambia kwa upole kabisa kwamba wageni hawapigi makofi, na nilipoketi masikio yalikuwa yanawaka moto. Baadaye wabunge wenyewe walipopiga makofi na kugonga meza nilikaa juu ya viganja vyangu nisije nikasahau tena. Waambie watoto wako sheria hiyo kabla hawajapanda ngazi, ila ukisahau, wasamehe.

Mama wa Wawili, Mwanza

Naomba nami niseme, ingawa sikwenda.

Ziara ya shule yetu ilikuwa mwaka 2011, na kila mzazi alitakiwa kutoa mchango wa nauli, malazi na chakula. Kwetu haukupatikana. Tulibaki wanafunzi 9, na siku ya safari tulipewa kazi ya kufagia uwanja, jambo ambalo nadhani mwalimu wa zamu hakulifikiria vizuri. Wakati huo vikao vilikuwa vikirushwa moja kwa moja, na siku ya pili yake mama alifungua redio mapema akakaa nami jikoni. Wageni waliotembelea Bunge kwa ajili ya mafunzo wakaanza kutajwa, kundi kwa kundi, na shule yetu ikatajwa. Mama akasema, "Haya, umetajwa." Nikamwambia wametajwa waliokwenda. Akanijibu kwamba yeye amesikia jina la shule, na shule ile mimi ninasoma, kisha akaendelea kuchambua mchele kana kwamba mjadala umefungwa.

Mwalimu, katika hao 46, umehesabu wanaobaki?

Mwalimu wa Darasa la Sita, Morogoro

Dada yangu wa Mwanza, umenishika. Darasa lina wanafunzi 58. Wanaobaki ni 12, na mpaka nilipousoma ujumbe wako nilikuwa nimewaandika katika daftari langu kama "ambao hawajathibitisha". Nimezungumza na Mwalimu Mkuu leo mchana. Tumekubaliana kulipeleka suala hili kwenye Kamati ya Shule, na kuuliza gharama za daraja la kawaida la treni ya SGR, ambayo kwa sasa inafika Dodoma na inapita Morogoro, kabla hatujalipa malipo ya awali ya mabasi mawili. Kaka wa Singida, nimekuelewa kuhusu tarehe. Mzaliwa wa Wete, nimewasimulia walimu wenzangu habari ya baragumu, na mwalimu wa Kiswahili ameomba apewe kipindi kizima.

Naomba mnisaidie jambo jingine. Baadhi ya wazazi wanataka tuwafikishe watoto na Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wakaone wizara. Kuna yeyote mwenye uzoefu?

Mtumishi wa Masijala

Mwalimu, mimi nafanya kazi katika mojawapo ya ofisi za Mtumba, na nimekwishapokea wanafunzi mara kadhaa, kwa hiyo nitazungumza kutoka upande wa mwenyeji. Mji wa Serikali ulizinduliwa mwaka 2019, miaka 46 baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na mtoto akiambiwa hivyo anaelewa kwamba kuna maamuzi yanayochukua umri wa mzazi wake kutimizwa. Majengo yenyewe, hata hivyo, hayasemi mengi. Ni ofisi. Ukiwaleta watoto wakatazame kuta, watatazama kuta.

Mara ya mwisho wakubwa waliandaa hotuba, ikasomwa ukumbini, na watoto wakasinzia kama ilivyo haki yao. Kwa kuwa muda ulibaki, niliombwa niwaonyeshe masijala. Niliwaeleza jinsi barua inavyofika, inavyopigwa muhuri wa kupokelewa, inavyopewa namba ya folio na kuingizwa katika jalada, jinsi afisa anavyoandika dokezo, na jinsi siku hizi sehemu kubwa ya safari hiyo inavyofanyika katika mfumo wa e-Ofisi bila karatasi kuhama chumba. Hapo hakuna aliyesinzia. Kijana mmoja wa Darasa la Tano aliinua mkono akauliza, "Barua ya baba yangu iko wapi?" Baba yake alikuwa amestaafu, alikuwa ameandika kuhusu mafao, na hakuwa amejibiwa. Barua hiyo haikuwa yetu, ilikuwa ya ofisi nyingine kabisa, na nilimweleza hivyo. Alitikisa kichwa kwa heshima, akaniuliza tena, "Lakini iko ndani ya jalada?"

Nilimwambia inatakiwa iwe. Mwalimu, njoo nao. Ila omba kuonyeshwa masijala, usiombe hotuba.

Binti wa Kondoa

Nimesoma michango yote tangu jana, na nilikuwa nasita kuandika kwa sababu mimi nilikwenda lakini sikuingia.

Ilikuwa mwaka 2010, nikiwa Darasa la Sita. Barabara ya kutoka Kondoa hadi Dodoma ilikuwa bado ya vumbi na mashimo, lami ilikuja kukamilika miaka mingi baadaye, na mimi ni mtu wa kutapika kwenye gari hata leo. Tuliondoka usiku. Hadi kunakucha nilikuwa nimemaliza mifuko yote ya rambo iliyokuwamo ndani ya basi, sare yangu ilikuwa imechafuka kifuani, na mwalimu wa kike aliyekuwa nasi alinitazama, akamtazama mwenzake, nikajua. Walisema nibaki nipumzike, kwa kuwa haikufaa kuingia mle nikiwa katika hali ile. Sikulia mbele yao.

Nilibaki na dereva. Alinifungulia dirisha, akaniletea maji na ndimu iliyokatwa katikati, akaniambia niinuse tu, nisiinyonye. Kutoka pale tulipoegesha nililiona paa la ukumbi, likipanda kuelekea kileleni, na magari meusi yakiingia getini moja baada ya jingine. Dereva alikuwa akinitajia yapi ni ya mawaziri kwa kusoma vibao vya namba, na sasa nadhani mengine alikuwa akibuni ili nisisikie uchungu. Nikalala.

Wenzangu waliporudi walikuwa wanapiga kelele wote kwa pamoja kwamba shule imetajwa, kwamba wameambiwa wasimame, kwamba wabunge wote waligeuka kuwatazama na kugonga meza. Njia nzima ya kurudi waliigiza. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kwa dereva, na kwa muda mrefu baada ya hapo, kila habari ya Bunge ilipotajwa darasani, niliangalia chini.

Baadaye nilijiunga na chuo kikuu papo hapo Dodoma, na kwa ajili ya kazi fulani ya utafiti ilinibidi nisome Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge za mwaka ule. Nilifahamu tarehe yetu. Niliifungua siku hiyo nikiwa na woga wa kijinga, nikapita dua, nikapita maswali, hadi nikafika kwenye matangazo ya wageni, na pale palikuwa pameandikwa kwamba wapo wanafunzi 41 na walimu 3 kutoka shule yetu, kisha katika mabano, "Makofi". Orodha iliyopelekwa na mwalimu mkuu ilikuwa haijapunguzwa mtu. Nilihesabu upya kwa majina, nikiwakumbuka kiti kwa kiti walivyokaa kwenye basi. Waliosimama ukumbini walikuwa 40. Wa 41 alikuwa nje, ameegemea kioo, ana nusu ya ndimu mkononi.